Kiatu cha Kulia cha Chumba cha Miguu

Wiki iliyopita Nesi Akello, niliyemkabidhi funguo zangu za chumba cha miguu nilipostaafu, alinipigia simu kuuliza kama najua kilipo kiatu cha mfano. Alikuwa na wanafunzi wanne mbele yake, na kabati lilikuwa na kila kitu isipokuwa kiatu hicho. Nikamwambia nitamjibu kwa maandishi. Akacheka, akasema, "Mama, ni kiatu tu, si ripoti." Lakini kwangu ni ripoti, na imechelewa miaka mingi. Basi someni nyote mnaofanya kazi katika chumba kile. Mimi sikusoma sana. Niliishia darasa la saba, nikaongeza miezi tisa ya kujifunza kufunga vidonda. Nitaandika kama tunavyosafisha kidonda kilichooza, kutoka pembeni kuingia ndani.

Nilianza kazi pale hospitali ya Mengo mwaka mmoja kabla wanajeshi hawajachukua nchi. Nilikuwa nimekuja Kampala na mume wangu, Barasa, kutoka upande wa Kenya karibu na Busia. Yeye alikuwa fundi wa mashine za taipu. Chumba cha miguu zamani kilikuwa stoo ya mablanketi, na mkubwa wake alikuwa mzee mmoja Mganda tuliyemwita Ssalongo kwa kuwa alikuwa baba wa mapacha. Siku ya kwanza hakunionyesha mguu hata mmoja. Aliniletea jozi sita za viatu vya wagonjwa waliokuwa wameketi nje kwenye benchi, akaniambia niingize mkono ndani ya kila kimoja kisha nimwambie ni kidole gani kinamuuma mwenyewe.

"Viatu kwanza, mguu baadaye, nnyabo," alisema, akiniita mama kwa Kiganda. "Mtu anaweza kudanganya. Mguu nao unaweza kudanganya. Kiatu hakijui."

Nilipata kimoja kati ya sita, na hicho nilibahatisha.

Sugu ya katikati ya vidole ndiyo iliyotuletea watu wengi. Si kama ile ya kisigino, ngumu na kavu. Hii hukaa mahali penye jasho, kwa hiyo huwa laini na nyeupe kama punje ya mahindi iliyolowekwa, na huuma kuliko ukubwa wake. Wagonjwa hudhani ina mzizi. Haina mzizi. Ina mfupa nyuma yake na kiatu mbele yake: kiatu hubana, kinundu cha mfupa wa kidole kimoja husugua kidole cha jirani, na ngozi hujikinga kwa kuwa nene. Ukiikwangua sugu ukaacha kiatu kilekile, mgonjwa atarudi baada ya mwezi akisema wewe si fundi, na atakuwa na haki.

Vifaa vyetu vilikuwa vichache. Beseni la maji ya vuguvugu yenye chumvi, kisu chembamba, spiriti, na sufu ya kondoo tuliyoichemsha wenyewe ili tuiweke kati ya vidole visigusane. Karatasi ya kaki na penseli zilikuwa za kupimia. Mgonjwa alisimama juu ya karatasi, tukachora ukingo wa mguu wake, kisha tukaweka kiatu chake juu ya mchoro. Mguu ukiwa mpana kuliko kiatu, hakukuwa na haja ya maneno mengi. Mwisho kulikuwa na mti wa kupanulia viatu, ambao Ssalongo aliuchonga mwenyewe, wenye kinundu kimoja ubavuni mahali pa kidole kidogo.

Kosa langu kubwa la mwanzo nililifanya kwa binti mmoja aliyekuwa akisomea ualimu Kyambogo. Alitaka kupona haraka ili avae viatu vizuri siku ya kwenda kufundisha. Nikambandika plasta ya asidi kati ya vidole. Plasta ile ni ya kisigino na unyayo. Mahali penye unyevu dawa husambaa na kula ngozi nzima pamoja na sugu. Siku ya tatu alirudi na ndala, vidole viwili vimechubuka mpaka kwenye wekundu. Ssalongo hakunikaripia mbele yake. Alimwambia, "Tumekosea," akisema sisi, hakunitaja mimi. Binti alipoondoka alinikatia kipande cha plasta ileile akanifunga kati ya vidole vyangu mwenyewe mpaka kesho yake. Sijui kama mafunzo ya namna hiyo yanaruhusiwa siku hizi. Najua tu kwamba sikurudia.

Wale ambao sufu na viatu vipana havikuwasaidia tuliwapeleka kwa daktari wa upasuaji, Mhindi mmoja mpole aliyekuja kila Jumatano. Alipiga sindano ya ganzi kwenye shina la kidole, akapasua kidogo kwa juu, wala si kati ya vidole, kwa sababu hapo katikati kidonda hulowana na kukataa kufunga. Kisha alikwangua kile kinundu cha mfupa kwa tupa ndogo. Mimi nilishika kidole kwa shashi. Sauti yake ilikuwa kama ya mtu anayeparuza ukoko wa sufuria, na wageni wawili waliokuja kujifunza walizimia kwa sauti hiyo, si kwa damu. Nyuzi mbili, wiki mbili za kandambili, basi. Wahindi walipoamriwa kuondoka nchini, Jumatano yake ya mwisho alipasua watu wawili, akaosha tupa kwa mikono yake, akamkabidhi Ssalongo na kumwambia aipake mafuta isishike kutu. Tuliipaka mafuta kila mwezi. Mtu wa kuitumia hatukumpata tena kwa miaka mingi.

Kuanzia hapo hofu iliingia kazini kama unyevu. Hakuna siku ninayoweza kuitaja. Wagonjwa walianza kushusha sauti hata wakieleza habari za vidole. Tuliacha kuandika kwenye kadi mahali mtu anapofanyia kazi. Zamani mgonjwa asiporudi tulituma ujumbe nyumbani kwake. Tukaacha kutuma, kwa sababu aliyepeleka ujumbe alikuta mke analia, na tena alikuta watu wengine wamekaa sebuleni wakimsubiri yeyote atakayebisha hodi.

Barasa naye alipata sugu, mguu wa kulia, kati ya kidole cha nne na kile kidogo. Alikuwa na jozi moja ya viatu vya heshima, vya kahawia, na hakutaka kusikia habari ya ndala. Ssalongo alikiweka kile cha kulia kwenye mti siku mbili, lakini ngozi iligoma. Akaipasua kidogo ubavuni, akashona kwa ndani kiraka cha ngozi laini ya mbuzi. Uzi wa kahawia haukuwepo mjini, kwa hiyo alitumia mweusi. Kwenye mshono wa nne uzi ulijikunja ukafanya fundo, na Ssalongo akaliacha. Barasa alivaa, akatembea hatua tatu, akasema mguu umepona lakini heshima imekwisha. "Mke wangu amenitia alama kama ng'ombe," aliwaambia watu wa benchi. "Nikipotea mnajua pa kunirudisha." Watu walicheka. Mimi pia nilicheka.

Duka lake lilikuwa Kansanga. Kwa kazi yake aliitwa kwenye ofisi nyingi, na baadhi ni zile za usalama, ambazo mtu alipita mbele yake akitazama chini. Asubuhi moja gari lilikuja kumchukua akatengeneze mashine. Alibeba mfuko wake wa vifaa, akamwambia jirani kwamba atarudi kabla ya chakula cha mchana. Hakurudi. Nilikwenda kuuliza kwenye ofisi hizo mara mbili. Mara ya pili, mtu wa dirishani alichukua kalamu akaniuliza jina langu. Nikaitazama ile kalamu, nikageuka nikaondoka. Mtu mwenye moyo kuliko mimi angelitaja. Ndugu zake walinitumia salamu kwamba pengine amevuka mpaka kimyakimya na siku moja atatokea. Nililishika neno hilo. Kila asubuhi nilikwenda kazini nikiwa mke wa mtu aliyechelewa.

Ilikuwa wiki ya kumi alipoingia sajini mmoja. Gari la jeshi lilisimama nje, na askari wake mwenye bunduki akasimama mlangoni. Watu wa benchi waliondoka mmoja mmoja, hata bibi mmoja aliyekuwa tayari na mguu ndani ya beseni. Sajini alikuwa mtu mkubwa, mchangamfu, akichechemea mguu wa kushoto. Alivua viatu akavisukuma kwangu kwa mguu. Mimi, kwa mazoea, niliingiza mkono ndani ya kile cha kulia kabla sijamtazama mwenyewe.

Kidole changu kilipita juu ya kiraka. Mshono wa kwanza, wa pili, wa tatu. Kwenye wa nne kulikuwa na fundo.

Nilibaki na mkono ndani ya kiatu. Ssalongo alikuwa anakuja na maji. Alikiona kiatu, akaliweka beseni chini polepole, akaniuliza kwa Kiganda kama maji yana joto la kutosha. Hakuwahi kuniuliza hivyo miaka yote. Nilielewa alikuwa ananiambia nisitoke nje ya kazi. Ndani ya kazi hakuna atakayetuuliza kitu.

Basi nikachukua kadi. Kila mgonjwa aliulizwa maswali yaleyale kuhusu viatu, na maswali hayo yalikuwa ruhusa yangu pekee.

"Viatu hivi umevivaa tangu lini, afande?"

"Kama wiki tisa hivi."

"Ulivinunua vipya, au vilikuwa vimetumika?"

Alicheka, akamwangalia askari wake wa mlangoni. "Mimi sinunuangi viatu, mama. Mwenyewe hana kazi navyo tena."

Niliandika kwenye kadi: wiki tisa, havikununuliwa. Mwandiko wa siku ile ni mzuri kuliko wa siku zote. Nadhani mkono wangu ulikuwa umeganda. Wiki kumi nilikuwa nimeogopa kwamba hatarudi. Kwa maneno yale manne au matano nilijua, na hofu haikupungua kama nilivyodhani ingepungua. Ilihama tu. Sasa niliogopa uso wangu mwenyewe, kwamba utasema.

Mguu wake wa kulia ulikuwa mzima kabisa. Ulikuwa na nafasi, ile tuliyomtengenezea mtu mwingine. Sugu ilikuwa ya kushoto, mahali palepale, nyeupe na imevimba. Alitaka apasuliwe mfupa siku ileile, alikuwa amesikia kwamba hapa Mengo wanakata. Ssalongo akamwambia daktari wa kukata hayupo.

"Amekwenda wapi?"

"Kwao, afande. Aliambiwa aende."

"Aa. Yule." Akacheka tena. "Basi wewe mama, fanya wewe. Lakini ukinitonesha, huyu wa mlangoni hapendi kusikia mimi nalia."

Aliyasema kama utani, na pengine ulikuwa utani. Niliukalisha mguu wake kwenye goti langu. Niliulowesha, nikaukausha, nikashika kisu. Sugu ya namna ile hukwanguliwa tabaka kwa tabaka, kama mtu anayemenya ganda jembamba la kitunguu, na ukifika kwenye ngozi ya waridi unasimama. Nilikwangua bila kuvuta pumzi. Sikumtoa hata tone la damu. Alisinzia kidogo, mdomo wazi, kama wagonjwa wengi wanavyofanya maumivu yakitulia.

Sasa naandika jambo ambalo Ssalongo peke yake alilijua. Ilipofika zamu ya kuweka sufu, mkono wangu haukwenda kwenye sufu. Ulikwenda kwenye kopo la plasta ya asidi, ukalifungua. Nilijua vizuri ingefanya nini na kwa siku ngapi. Siku tatu asingehisi kitu cha ajabu, na baada ya hapo angekuwa na kidonda mahali pasipokauka, ndani ya kiatu. Nilimkumbuka binti wa Kyambogo. Nikakumbuka vidole vyangu mwenyewe. Nikamwinulia Ssalongo lile kopo, nikamwambia, "Toa hili nje." Alilipokea, akatoka nalo, akarudi mikono mitupu. Msiseme nilimsamehe mtu. Niliogopa kufa, na pia nilikuwa na mguu wa mgonjwa kwenye goti langu. Kipi kilikuwa kizito, mpaka leo sijui.

Nilipomaliza, sajini alichunguza viatu. "Hiki cha kulia hakiniumi hata siku moja," alisema, akigeuza kiraka kwenye mwanga. "Fundi wake hodari. Nifanyieni na hiki cha kushoto kama hivi."

Ssalongo, aliyekuwa ameushona mshono ule kwa mkono wake, alitazama sakafu. Ombi la sajini lilikuwa la haki. Ni matibabu, tulikuwa tukiyafanya kila siku. Tungempanulia kiatu, naye angetoka nacho, na vile viatu vingeondoka tena mlangoni kwa miguu ya mtu huyu. Sikuwa na kaburi, sikuwa na nguo, sikuwa na chochote cha Barasa kilichokuwa naye siku aliyochukuliwa isipokuwa vile viatu viwili, hatua moja kutoka kwangu.

Nikatandika karatasi ya kaki sakafuni, nikamwomba asimame. Nilichora mguu wa kushoto, nikaweka kiatu juu ya mchoro. Mstari wa penseli ulitokeza nje ya soli upande mzima, upana wa kidole changu. Kiraka kisingeweza kusaidia hapo. Hilo ni kweli, na ningemwambia mgonjwa yeyote.

Aliinama akatazama. Watu wa namna yake waliamini karatasi. "Inasema nini?"

"Inasema viatu si vyako, afande."

Askari wa mlangoni aligeuka. Ssalongo alishika ukingo wa meza. Sajini aliniangalia usoni kwa mara ya kwanza tangu aingie.

"Si saizi yako," nikasema. "Ukiendelea kuvivaa, sugu itarudi, na safari ijayo itafika kwenye mfupa."

Kisha akacheka, akapiga paja. "Kweli. Mimi nina mguu kubwa. Mama yangu alisema hivyohivyo." Akauliza sasa atavaa nini. Ssalongo alikuwa ameshainama, anavua lugabire zake, yale makubazi ya matairi. Zilimtosha. Sajini alijaribu hatua mbili, tatu, akasifu, akatoka. Mlangoni akasema bila kugeuka kwamba vile viatu tuvitupe.

Gari lilipoondoka, Ssalongo alisimama pale bila viatu, mzee wa watu. Nilimkalisha kwenye kiti cha wagonjwa. Nilimwosha miguu kwa yale maji yaliyobaki, kwa sababu sikujua jambo jingine la kufanya.

Niliomba likizo nikaenda nyumbani, upande wa Busia. Njiani vizuizi vilikuwa vingi na mizigo ilipekuliwa, na mwanamke mwenye viatu vya kiume kapuni angeulizwa ni vya nani na mwenyewe yuko wapi. Nikavivaa mimi. Kwenye kizuizi cha pili askari alinionyesha miguu yangu kwa mtutu, akauliza kwa nini nimevaa viatu vya mwanamume. "Nina sugu, mwanangu," nikamwambia. "Nimeambiwa nivae vipana." Akanipungia nipite. Sikuwa na sugu. Katika kazi hii huo ndio uongo wangu mmoja kuhusu mguu, na nimeuandika hapa ili msiusikie kwa mtu mwingine.

Kwetu, mtu asiyepatikana mwili huzikiwa shina la mgomba. Wazee walichimba kaburi la kimo chake, wakalaza shina, na kaka yake mkubwa akanyoosha mkono nimpe viatu. Nilimpa cha kushoto. Alingoja. Sikumpa cha pili. Aliniuliza mbele ya watu, nikakikumbatia, na wengine walidhani nimechanganyikiwa. Jibu nililokuwa nalo ni hili: sajini anaweza kuwa mwongo. Na kama Barasa angerudi, mguu wake wa kushoto ungeingia kiatu chochote, lakini wa kulia ulihitaji kile.

Nikarudi nacho Kampala. Ssalongo alikisafisha, akakiweka kabatini nyuma ya pamba. Wiki hiyohiyo sajini alirudi kuonyesha mguu, amevaa lugabire, anacheka tangu getini. Sugu ilikuwa imekwisha, ngozi safi kama ya mtoto. Nilikuwa nimeandaa jibu endapo angeuliza habari ya viatu. Hakuuliza. Katika wagonjwa wangu wote wa miaka yote sijaona aliyepona vizuri kuliko yule, na nimeshaacha kujiuliza kwa nini.

Serikali ile iliondoka, nyingine zikaja. Ssalongo alifariki kitandani kwake, mzee sana. Kabla ya hapo alianza kukitoa kile kiatu kila tulipopata mtu mpya, akamwambia aingize mkono na ataje kidole kinachouma. Niliendelea na desturi hiyo baada yake. Nyote mmeingiza mkono humo. Akello, wewe ulitaja kidole sahihi mara ya kwanza, ukauliza kwa nini fundi aliliacha fundo kwenye mshono wa nne. Nilikujibu kwamba uzi ulijikunja. Hilo lilikuwa kweli, nikaishia hapo.

Mti wa kupanulia upo kwenye rafu ya chini. Tupa ya daktari ipo ndani ya kitambaa cha bluu, ipakeni mafuta. Kiatu cha Barasa ninacho mimi tangu siku niliyokukabidhi funguo. Kwa wanafunzi, tafuteni kiatu kingine, vipo vingi vibaya mjini. Na kwenye daftari la vifaa, mahali pa kiatu cha mfano, usiandike kimepotea. Andika kimechukuliwa na mwenyewe.